Yatima wawili, mama mmoja yu hai: kuielewa filamu bubu ya 1921

Mpwa wangu alikuja kwangu simu mkononi na swali kinywani. Alikuwa ameangalia filamu ya zamani isiyo na maneno, ya saa mbili na nusu hivi, akaivumilia mpaka mwisho, lakini kuna kitu kilimkwama kooni. "Mjomba, hawa wanaitwa yatima wawili. Mbona huyu mmoja mama yake tunamwona toka mwanzo mpaka mwisho? Sasa yatima ni yupi?"

Filamu yenyewe ni Orphans of the Storm, yaani Yatima wa Dhoruba, iliyotengenezwa na Mmarekani D. W. Griffith na kuanza kuonyeshwa mwishoni mwa Desemba 1921. Huko Marekani haki zake zimekwisha muda, kwa hiyo nakala zimejaa mtandaoni bure, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Nakala nyingine zinakwenda mbio mpaka watu wanaonekana kama vikaragosi. Nyingine zimewekewa muziki wowote uliopatikana. Nyingine zimeandikwa "kisa cha kweli". Mtu akikutana nayo bila kuandaliwa, anatoka na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo.

Tuanze na neno yatima, maana kila kitu kimening'inia hapo.

Kwa mazungumzo ya kawaida, wengi wetu tukisema yatima tunamwona mtoto asiye na baba wala mama. Lakini mwulize aliyesoma fikihi atakwambia yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yuko jikoni anapika. Mashirika ya watoto ya kimataifa nayo humhesabu mtoto aliyepoteza mzazi mmoja au wote wawili. Ukishika maana hizo, swali la mpwa wangu linageuka. Katika filamu kuna wasichana wawili, Henriette na Louise. Henriette wazazi wake wote wawili walikufa kwa tauni. Louise baba yake aliuawa akiwa yeye kichanga. Kwa hiyo wote ni yatima, kichwa cha filamu hakisemi uongo. Ajabu ni kwamba Louise hajui. Yeye anaamini amekuwa yatima siku tauni ilipowachukua watu waliomlea, ilhali alikwisha kuwa yatima miaka mingi kabla, kwa kifo cha mtu asiyewahi kusikia jina lake. Na mama anayedhani hana, anaishi katika jumba la kifahari Paris.

Hiyo ndiyo asili iliyofichwa. Sasa kisa.

Mwanamke wa ukoo wa makabaila wa Ufaransa aliolewa kwa siri na mtu asiye na cheo. Ndugu zake wakagundua. Wakamwua mume, wakamnyang'anya mtoto, mtoto akaachwa kwenye ngazi za kanisa la Notre-Dame na pesa kidogo kando yake. Usiku huohuo mtu fukara aitwaye Girard alikuwa amekuja palepale kumwacha binti yake mwenyewe, kwa sababu nyumbani hakuna mkate. Akamkuta yule mwingine anatetemeka kwa baridi. Roho ikamgeuka: akarudi nyumbani na watoto wawili badala ya kurudi mikono mitupu. Wale watoto wakakua kama ndugu. Tauni ikaja, ikawaua wazazi, ikamwacha Louise kipofu. Henriette akaapa hataolewa mpaka ndugu yake aone, akampeleka Paris kutafuta tabibu. Siku ileile waliyofika, kabaila mmoja mwovu akamteka Henriette, na kipofu akabaki barabarani peke yake, akaokotwa na bibi kizee mlevi, mama Frochard, anayemlazimisha kuimba mitaani na kuomba. Henriette anaokolewa na kijana wa kikabaila, Chevalier de Vaudrey, anayempenda. Na mke wa ami yake kijana huyo ndiye, naam, mama mzazi wa Louise, ambaye mumewe wa sasa hajui lolote kuhusu ndoa ile ya kwanza.

Ukisoma haraka hivi unaweza kucheka. Bahati mbaya nyingi mno, kukutana kwingi mno. Hapo ndipo watu husema "melodrama" kama tusi, wakimaanisha mambo yaliyotiwa chumvi. Lakini neno hilo lina kazi yake na historia yake, na historia hiyo inaeleza kwa nini filamu bubu na watoto wa kuokotwa walifaana kama pete na kidole.

Melodrama maana yake, kwa asili ya Kigiriki, ni mchezo wenye muziki. Paris ya zamani, majumba machache makubwa ya serikali ndiyo yaliyokuwa na ruhusa ya kuigiza tamthilia za maneno. Majumba madogo ya watu wa kawaida yalibanwa: fanya sarakasi, fanya mchezo wa ishara, piga muziki, lakini usijifanye mwenye tamthilia. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofuta mipaka hiyo mwaka 1791, waigizaji wa majumba madogo walikuwa tayari mabingwa wa kuongea kwa mikono, kwa macho na kwa fidla. Wakaongeza maneno juu yake, na aina mpya ya mchezo ikazaliwa. Mchezo ulioifanya ivume ulitoka mwaka 1800, wa mwandishi Pixérécourt, nao ulimhusu Coelina, "mtoto wa fumbo", binti asiyejua baba yake ni nani. Na baba huyo akija kujulikana, ni mtu bubu aliyekuwa mbele ya watazamaji muda wote.

Bubu! Zaidi ya miaka tisini kabla ya sinema kuzaliwa, melodrama ilikwisha kuwa na mtoto wa siri na mzazi asiyeweza kusema. Ndiyo maana naona wanakosea wanaosema filamu bubu zilikuwa na kutia chumvi kwa sababu waigizaji hawakujua kuigiza vizuri. Walikuwa warithi wa ufundi wa zaidi ya karne moja, wa kumweleza jambo mtu asiyesikia maneno.

Kisa cha Henriette na Louise nacho hakikuanza na Griffith. Kilianza kama mchezo wa jukwaani wa Adolphe d'Ennery na Eugène Cormon, uliofunguliwa Paris Januari 1874. Mwaka huohuo ukavuka bahari kwenda New York, ambako mwigizaji Kate Claxton alimwigiza Louise kipofu, na akaendelea kumwigiza kwa miaka mingi mbele. Mchezo huo umebeba msiba pia. Usiku wa tarehe 5 Desemba 1876, Claxton akiwa jukwaani Brooklyn, moto ulishika pazia na mandhari za nyuma. Walikufa watu zaidi ya 270, wengi wao wale wa tiketi za bei ndogo waliokaa roshani ya juu kabisa, ambako ngazi ya kushukia ilikuwa moja.

Je, mambo haya yaliwahi kutokea?

Kwa kisa chenyewe, jibu ni hapana. Henriette na Louise ni watu wa kubuni. Lakini kilichowazunguka ni cha kweli kuliko wengi wanavyodhani.

Ile ngazi ya Notre-Dame haikuchaguliwa ovyo. Katika karne ya 18 jumba la kupokelea watoto wa kuokotwa lilijengwa kwenye uwanja wa mbele ya kanisa hilo, na kufikia miaka ya 1770 Paris ilikuwa inapokea maelfu ya watoto wa namna hiyo kila mwaka. Sababu kubwa ilikuwa umaskini, bei ya mkate ikipanda na watoto wanaoachwa wakiongezeka. Baadhi walikuwa watoto wa aibu. Mwanafalsafa Rousseau, aliyeandika kitabu kizima kuhusu kulea watoto, alikiri mwenyewe kwamba watoto wake watano aliwapeleka huko.

Na yule mtoto wa mwanamke mkubwa kuachwa kando ya Notre-Dame? Naye alikuwepo. Novemba 1717 mtoto wa kiume aliokotwa kwenye ngazi za kanisa dogo la Saint-Jean-le-Rond, lililopakana na Notre-Dame. Mama yake alikuwa Madame de Tencin, mwanamke wa ukoo bora aliyekuwa na baraza mashuhuri la wasomi nyumbani kwake. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, ambaye alimtafuta mtoto na kumlipia masomo kimyakimya. Mtoto alilelewa na mke wa fundi vioo, akapewa jina la kanisa alikookotwa: Jean le Rond, ambaye ulimwengu unamjua kama d'Alembert, mwanahisabati na mmoja wa wahariri wawili wa ile Ensaiklopedia kubwa ya Ufaransa. Alipopata sifa Ulaya nzima, aliendelea kukaa katika nyumba ya yule mke wa fundi vioo mpaka alipokuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Damu ilikuwa upande mmoja wa mji, mama alikuwa upande mwingine.

Ili mzazi aweze kurudi siku moja, watu waliacha alama. Katika nyumba ya watoto ya London iliyoanzishwa na Thomas Coram, iliyopokea watoto wa kwanza 1741, mama angeweza kuacha kipande cha kitambaa, sarafu iliyochongwa, utepe. Ni kama risiti ya dobi: kipande kimoja kimebandikwa kwenye mzigo, kingine unaondoka nacho, na siku ukirudi vikilingana unapewa kilicho chako. Wengi hawakurudi. Lakini jukwaani waliorudi ndio waliopendwa, na vidani vya kumtambulisha mtoto vikazidi mpaka Wafaransa wakaanza kufanya mzaha: wakitaka kukejeli mchezo wenye utambuzi wa kulazimisha, husema umetumia "msalaba wa mama yangu". Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tunalijua hilo bila kufundishwa. Awara ya 1951, iliyopendwa sana Zanzibar na bara, ni ya mtoto wa hakimu anayesimama mbele ya baba yake mahakamani bila baba kujua ni mwanawe.

Hapa kuna kosa moja la uelewa ninalotaka kulitolea uvivu. Watu wengi hudhani raha ya hadithi hizi ni fumbo: mama ni nani? Sivyo. Griffith anatuonyesha mama wa Louise dakika za mwanzo kabisa. Siri imefichwa kwa wahusika, sisi hatukufichwa kitu. Fikiria umekaa ghorofani juu ya soko, unawaona watu wawili wanaotafutana. Huyu anazunguka upande wa samaki, yule anatokea upande wa nguo. Wanapishana hatua tatu, kati yao kuna rundo la ndizi. Unataka kupiga kelele na sauti haifiki. Mateso hayo matamu ndiyo melodrama. Ukijua mapema unateseka zaidi, na ndiyo sababu mtu huiangalia mara ya pili na bado analia.

Wala haihitaji akili kubwa kuelewa mbinu ya kuruka huku na huku ambayo vitabu vya sinema huisifia kama uvumbuzi wa Griffith. Bibi zetu waliitumia kwenye hadithi: "Tumwache huyo msituni, turudi nyumbani kwa sultani." Tofauti ni kasi. Griffith anamwacha huyu kwa sekunde nne, anarudi kwa yule kwa tatu, na kila akirudi kisu kimesogea.

Roshani

Tukio la katikati ya filamu ndilo linalonifanya nisione haya kuipenda.

Henriette amepanga chumba juu ya barabara. Mama wa Louise, yule bibi mkubwa, amekuja kumtazama msichana aliyeteka moyo wa kijana wao. Wanaongea. Henriette anamsimulia habari za ndugu yake kipofu aliyepotea, na jinsi alivyookotwa kwenye ngazi za kanisa. Mama anaelewa. Na huko chini barabarani, kipofu mwenye matambara anapita akiimba, kizee akimsukuma.

Henriette anasikia. Lillian Gish anayemwigiza hashtuki mara moja. Anaendelea na mazungumzo, kisha uso unaanza kusikiliza kabla mwenyewe hajajua anasikiliza. Kisha macho. Kisha anakimbilia roshani. Anaita. Louise chini anageuza kichwa huku na huku, anajua sauti imetoka juu lakini haoni ni wapi. Na wakati huohuo askari wanapanda ngazi: mume wa yule bibi, mkubwa wa polisi, ameamuru Henriette akamatwe ili ndoa isifungwe. Anaburutwa upande mmoja, Louise upande mwingine.

Sasa tazama lililofanyika. Hii ni filamu isiyo na sauti, na tendo lake kuu ni kusikia. Louise anasikia lakini haoni. Sisi tunaona lakini hatusikii. Wimbo unaowaunganisha ndugu wale haupo popote ila kwenye uso wa Gish. Filamu yenye sauti ingetupa wimbo huo masikioni na kazi ikaisha, hapa inabidi tuutunge wenyewe.

Wengine hudhani Louise na Henriette ni ndugu wa damu. Kwenye kisa siyo. Walioigiza ndio ndugu wa tumbo moja, Lillian na Dorothy Gish, na hii ilikuwa mara ya mwisho wote wawili kuonekana pamoja katika filamu ya Griffith.

Baada ya hapo filamu inaingia kwenye Mapinduzi ya Ufaransa, na hapo nakushauri usiichukue kama kitabu cha historia. Mchezo wa 1874 haukuwa na Mapinduzi kabisa, kisa chake kilitangulia 1789. Griffith ndiye aliyeongeza, kwa sababu alitaka umati, moshi na gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, na alijenga Paris yake nzima huko Mamaroneck, nje kidogo ya New York. Danton, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi, anaonekana kama mwokozi anayepanda farasi kuwahi kumtoa Henriette chini ya kisu. Danton wa kweli ndiye aliyehimiza mahakama ya mapinduzi ianzishwe Machi 1793, na mahakama hiyohiyo ikamkata kichwa yeye mwenyewe Aprili 1794. Filamu pia inafungua kwa onyo dhidi ya Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, watu ambao Ufaransa ya karne ya 18 haikuwajua. Marekani ndiyo iliyokuwa imetoka kwenye homa ya kuwaogopa wakomunisti. Griffith alikuwa mtu wa kuhubiri, na mahubiri yake hayakuwa mema siku zote: miaka sita tu kabla alikuwa ametengeneza filamu ya kuwatukana Wamarekani weusi na kuwatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na ufundi uleule wa farasi wanaowahi dakika ya mwisho ndio aliotumia kule. Ufundi hauna dini, mtumiaji ndiye mwenye nayo.

Kuna lawama nyingine dhidi ya hadithi za namna hii, nayo ina uzito: eti zinafundisha kwamba maskini mwema lazima kwa siri awe mtoto wa tajiri. Mara nyingi ni kweli. Lakini tazama hapa nani amebeba filamu. Louise, mwenye damu ya kikabaila, anasukumwa tu huku na huku. Anayetekwa, anayekataa, anayeahidi na kutimiza, anayefikishwa chini ya gilotini, ni Henriette, binti Girard, ambaye hana kidani wala ukoo wa siri unaomsubiri. Akichimbuliwa asili yake, utakuta baba aliyekwenda kumtupa kwa njaa akashindwa. Louise anapopata mama na macho yake yakapona, hakuna aliyemwambia Henriette kwamba yeye sasa si ndugu.

Nilipomaliza kumweleza mpwa wangu, alikuwa na swali la pili. "Na ule wimbo wa pale roshani, uliimbwaje?"

Nikamwambia inategemea ungekaa ukumbi gani. Filamu bubu hazikuwa kimya, ukumbini kulikuwa na kinanda au bendi nzima. Hii ilitungiwa muziki wake na Gottschalk na Peters, lakini muziki kama huo ulihitaji okestra, na ukumbi mdogo ulikuwa na mpiga kinanda mmoja anayepiga anavyojua. Na picha hizo zilipigwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono, chini ya kasi ya picha 24 kwa sekunde iliyokuja na filamu za sauti, ndiyo maana nakala mbaya zinakimbia. Ukitafuta, tafuta nakala iliyorekebishwa mwendo.

Alikuwa nayo moja. Akairudisha mpaka kwenye roshani. Kulikuwa na kinanda cha mtu fulani juu yake, cha furaha furaha, kisichohusiana na lolote. Akazima sauti ya simu, akaitazama tena.